Kwa nini fundi asisubiri yai litoke ndipo apandishe?

Mkuu, umeuliza: kama mbegu ya fahali iliyogandishwa kwenye mrija mwembamba ikiyeyushwa inaogelea vizuri, kwa nini tusisubiri mpaka yai litoke ndipo tuiweke, vikutane papo hapo? Mimi ni mhimilishaji, yaani fundi wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, na swali hilo nililiuliza mwenyewe nikiwa mafunzoni.

Mbegu kuwa hai ni jambo moja, kuweza kutungisha ni jambo jingine. Mwaka 1951, M. C. Chang huko Marekani na C. R. Austin huko Australia waligundua, kila mtu kivyake, kwamba mbegu inayotoka kwa dume haiwezi kuingia kwenye yai mpaka ikae kwanza saa kadhaa ndani ya jike. Wataalamu wanaita kapasitesheni. Wafugaji wangu nawaambia mbegu "inaiva".

Ikitoka kwa dume imefunikwa na protini za majimaji ya shahawa, na utando wake umekazwa na kolesteroli, aina ya mafuta. Ndani ya jike protini hizo zinabanduka, albumini, protini iliyo kwenye majimaji ya jike, inazoa kolesteroli, utando unalegea. Bikaboneti, chumvi iliyo kwenye majimaji hayo, inaingia na kuamsha kimeng'enya kimoja, hicho kinaamsha vingine, mpaka fosfati zinabandikwa kwenye protini za mkia. Asidi ndani ya mbegu inapungua, milango ya kalsiamu mkiani inafunguka. Hapo ndipo mwendo unapobadilika.

Hilo nimeliona kwa macho yangu. Mwalimu alitutengea mbegu za fahali kwenye maji maalumu yenye heparini, dawa ya kuziivisha, kwa joto la mwili wa ng'ombe. Mwanzoni zilikuwa zikienda mbele zimenyooka, kama dagaa. Tuliporudi baada ya saa nne hivi, baadhi zilikuwa zinachapa mkia kwa nguvu, kichwa kinarushwa huku na huku, zinazunguka palepale. Nilidhani zinakufa. Mwalimu akasema, "Hizo ndizo zilizoiva." Mchapo ule ndio unaoinasua mbegu kwenye ukuta wa mrija wa uzazi, ilikokuwa imejishika ikisubiri, na ndio unaoisukuma kupenya ganda la yai. Kofia ya kichwani nayo, yenye vimeng'enya vya kutoboa njia, haifunguki inavyotakiwa kama mbegu haijaiva.

Shida ni kwamba ikishaiva haidumu. Na mbegu yetu imetoka kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kugandishwa na kuyeyushwa kunatikisa utando, kalsiamu inapenya kabla ya wakati, kwa hiyo sehemu ya mbegu inatoka kwenye mrija wa kuhifadhia ikiwa nusu imeiva tayari. Maisha yake ni mafupi kuliko ya mbegu mbichi ya fahali. Ukiwahi mno, zinachoka kabla yai halijafika. Ukichelewa, yai linazeeka mbegu zikiwa bado hazijaiva, maana yai la ng'ombe hubaki zuri saa chache tu.

Nimewahi kuitwa mbali, nikafika nikakuta ute wenye damu mkiani mwa ng'ombe. Damu hiyo maana yake joto, yaani hamu ya kupandwa, limeshapita. Niliweka mrija hata hivyo, kwa kumwonea huruma mzee aliyenifuata kwa baiskeli. Baada ya wiki tatu alirudi kunieleza ng'ombe yuko kwenye joto tena. Hela yake ilipotea, na aliyekosea ni mimi.

Sasa ng'ombe wako. Umesema ulimwona Jumanne alfajiri ametulia akipandwa na wenzake, fundi akaja Jumatano saa sita mchana. Hizo ni saa 30 hivi, na yai hutoka kati ya saa 24 na 32 tangu aanze kusimama apandwe. Alitakiwa kupandishwa Jumanne jioni. Akionekana jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Kama hakushika mimba atarudi kwenye joto: hesabu siku 21 tangu Jumanne ile, ila anza kumkagua kuanzia ya 18, alfajiri na jioni, na umpigie fundi palepale. Akija, mwangalie anavyoyeyusha: maji ya nyuzi 35 hadi 37 yaliyopimwa kwa kipimajoto, sekunde 45, kisha mrija ukingwe na jua mpaka uingie kwa ng'ombe.