Siyo poda, ni protini za utomvu
Hapana dada, umeuliza kama poda ya glavu za mpira ndiyo inayokutoa vipele; poda inabeba tu protini na kuzirusha hewani, kinacholeta aleji ni protini za utomvu wa mti wa mpira, ule mweupe kama maziwa wanaougema kule Kihuhwi Muheza. Zinaitwa Hev b na namba, kutokana na jina la mti Hevea brasiliensis, na zilizotambuliwa zimeshapita 10. Kwa sisi wa wodini tunaovaa glavu kutwa zinazosumbua sana ni Hev b 5 na Hev b 6, ila kwa watoto wa mgongo wazi (waliozaliwa uti wa mgongo haujafunga) waliopasuliwa mara nyingi, ni Hev b 1 na 3. Hapa Tanga nina nesi mwenzangu, akivaa dakika 10 tu vidole vinamvimba macho yanawasha, na akila ndizi mbivu au parachichi mdomo unamwasha maana matunda hayo yana protini inayofanana na Hev b 6. Ila vipele vyako kama vinatoka kesho yake au keshokutwa, hapo mara nyingi ni kemikali zinazotiwa kwenye glavu kiwandani siyo protini, kapime kwanza, na kwa sasa omba glavu za naitrili, mpira wa kiwandani usio na utomvu wa mti.