Kalkuleta inayofanya aljebra: ninunue au nisinunue?

Dogo mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, kaniandikia wiki hii. Kamaliza kidato cha sita, anaingia uhandisi, kaiona kalkuleta ya mtumba, TI-89, inayofanya aljebra. Anauliza, "Broo, ninunue?" Nunua. Ila nisikilize kwanza, maana hicho kidude kimenipa heshima na kimeniachia kidonda.

Kalkuleta ya kawaida unaipa namba, inakurudishia namba. Hii unaipa x, inakurudishia x. Walioanza kuifikisha mkononi ni kampuni ya HP, na HP-28C yao ya 1987. Texas Instruments wakaja na TI-92 mwaka 1995, aljebra yake imetokana na programu ya Derive, na 1998 wakatoa TI-89. Watu wa HP mnaoandika namba kwanza alama baadaye (2 3 + badala ya 2 + 3), najua mtaniambia nihamie kwenu. Sihami.

Yangu niliipata Makoroboi, kwenye rundo la rimoti na chaja. Muuzaji alidhani ni ya kuchezea gemu, nami sikumbishia.

Sasa kidonda. Mwaka wa kwanza chuoni (chuo sikitaji) tulipewa intigrali ya sin x mara cos x. Nikafanya kwa mkono, nikapata −½cos²x + C (hiyo C ni namba yoyote isiyobadilika). Mwongozo wa mwalimu ulikuwa na ½sin²x + C. Nikapigwa kosa kwa wino mwekundu. Usiku, geto kule Nyegezi, nikaandika jibu lake kutoa jibu langu, bila zile C. Skrini ikatoa 1/2. Yaani majibu mawili yanapishana kwa namba tupu, na namba tupu inamezwa na C. Wote tuko sahihi! Kesho yake nikampelekea. Aliitazama kalkuleta, hoja hakuitazama, akasema mbele ya darasa zima, "Kumbe hii ndiyo inayokufanyia kazi." Watu wakacheka. Alama sijarudishiwa mpaka leo. Ila kila tulipokaribia jaribio, waliocheka ndio walikuwa wa kwanza kugonga mlango wangu.

Kwa hiyo mdogo wangu, intigrali fanya kwa mkono kwanza, halafu toa jibu lako kwenye jibu la mashine. Ikibaki sifuri au namba tupu, uko salama. Ikibaki x, rudi kwenye daftari. Ninyi vijana mnakimbilia kitufe, mkiingia mtihani mnatoa macho. Hata NECTA, Baraza la Mitihani, kidato cha sita wanataka kalkuleta zisizoweza kupangiwa programu, unalijua hilo. Mkono kwanza, narudia.

Kipimo cha pembe weka Radian. Ukiiacha kwenye Degree, ukidifrenshieti sin(x) itakupa π·cos(x)/180, na hapo haijakosea, imekutii. Pia safisha herufi. Kama jana uliacha 3 ndani ya x, leo expand((x+1)^2) itakujibu 16 na utaitukana bure. Bonyeza 2nd kisha F6, chagua Clear a-z. Na ile C haiandiki yenyewe, andika mwenyewe.

Ukienda kuiona, beba betri zako nne za AAA. Fungua mfuniko wa nyuma utazame kutu, bonyeza kila kitufe, usimwonee aibu muuzaji. Kisha andika ∫(1/x,x). Ikikupa ln(|x|), anza kupatana bei.