Kozi ya mtandaoni na wenzetu wa Ulaya

SWALI: Shikamoo mama. Ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Tumepewa kazi ya kutunga, pamoja na chuo kimoja cha Sweden, kozi ya mtandaoni ya wiki 8 kuhusu maendeleo endelevu. Wenzetu wameshaleta rasimu: mihadhara ya video ya moja kwa moja mara 2 kwa wiki, na sisi tumewekewa "mfano wa Mto Msimbazi" (mto wa hapa jijini, umechafuka na hufurika) wiki ya 6. Wakubwa wangu wamefurahi, mimi nasita. Niseme nini?
Msomaji, Kimara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mbona wiki ya 6? Hapo ndipo ningeanzia. Rasimu hiyo maana yake wiki 5 wafundishe wao, kisha watoto wetu waitwe kuonyesha shida. Nilishaingia mtego huo. Wanafunzi wangu waligeuka wapiga picha: mfereji huu, jalala lile, tuma. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake wa Ulaya taka za kwao zinaishia wapi.

Waambie kwa adabu kwamba yale malengo 17 ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2015, yalipitishwa kwa nchi zote, si kama yale 8 ya milenia ambayo macho yake yalikuwa kwetu zaidi. Kwa hiyo wiki ya kwanza kila mwanafunzi, wa huku na wa kule, apewe swali lilelile: fuata mfuko wa taka wa nyumbani kwako mpaka unapokomea. Wako atakwambia mkokoteni unapita siku gani, mwenye nyumba anatozwa shilingi ngapi, gari linafika dampo la Pugu au mfuko unatupwa korongoni usiku mvua ikinyesha. Huko Sweden sehemu kubwa ya taka za majumbani huchomwa kutoa joto na umeme. Mwanafunzi wa kule naye aeleze majivu yanapelekwa wapi. Msimbazi utaingia wenyewe, pamoja na bonde lake la Jangwani na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa palepale maji yanapopita. Hapo unaingia kama hoja, na mwenye kuujua ni mwanafunzi wako.

Video za moja kwa moja zikatae, au ziwe 2 tu kwa kozi nzima. Saa moja ya video ya kundi, kamera zikiwashwa, inaweza kula karibu gigabaiti nzima, na bando analinunua mwanafunzi. Mhadhara wa sauti wa dakika 20 ukirekodiwa vizuri ni kama megabaiti 10. Anaupakua chuoni, anausikiliza kwenye daladala. Mijadala iwe ya maandishi, kila mtu ajibu kwa wakati wake ndani ya siku 3.

Saa nazo! Tuliwahi kutangaza mwisho wa kukusanya kazi ni "6:00 jioni". Wenzetu wa Ulaya walimaanisha saa 12 jioni yetu, nusu ya darasa langu wakangoja saa 6 usiku, wakakuta mlango umefungwa. Andika kwa namna zote mbili. Tena Ulaya wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, basi Machi kipindi cha saa 8 mchana kikahamia saa 7, nasi hatujagusa saa zetu.

Krediti usiziachie ofisi peke yake. Ya Ulaya moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, yetu ni 10. Kozi ya krediti 5 kule, kwetu ni krediti 12 na nusu hadi 15. Ikiandikwa 5 kwenye matokeo, mtoto wa watu amedhulumiwa.

Na kabla hujasaini chochote, uliza nani atasahihisha. Kwenye ile kozi yangu halikuandikwa popote. Kazi 60 zilinilalia mezani sikukuu ya Idi, pilau inapoa.