Re: Kompyuta ina neti ila tovuti hazifunguki kwa jina

Mkuu, kama simu zote kwenye waifai hiyohiyo zinafungua ila kompyuta yako tu ndo inagoma, achana na ruta kwanza, angalia mashine yenyewe. Fungua CMD (lile dirisha la kuandika amri kwenye Windows) andika ping 8.8.8.8, hiyo ni namba ya seva ya Google, ikijibu ujue neti ipo, halafu ping jina la tovuti, ikisema haiioni hiyo hosti basi tatizo ni DNS, yani mfumo wa kugeuza majina, jina haligeuzwi kuwa namba ya IP.

Sasa hapa ndo wengi wanapotea. Andika nslookup na jina lilelile. Hiyo inauliza seva ya DNS moja kwa moja, haisomi faili la hosts (orodha ya majina na namba za IP iliyo ndani ya mashine yako) wala majibu ya zamani ambayo Windows imeyatunza, kwahiyo nslookup ikijibu vizuri na ping ikagoma, seva haina kosa, piga ipconfig /flushdns kufuta hayo majibu ya zamani kisha jaribu tena, bado? kagua faili la hosts kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc kama kuna mstari wenye jina la tovuti hiyo, mistari inayoanza na # iache, ni maelezo tu.

Nslookup nayo ikikaa kimya, piga ipconfig /all usome mstari wa DNS Servers. VPN uliyosema uliifuta majuzi naishuku sana, zingine zinaacha anwani yao hapo na hakuna wa kuijibu tena. Rudisha DNS iwe otomatiki au weka 1.1.1.1 (DNS ya umma ya Cloudflare), ila kama ni mashine ya ofisi tafadhali usiweke, majina ya seva za ndani yatapotea yote, muone mtu wa IT.

Tupia hapa majibu ya nslookup tuone.