Yule bibi kizee wa Pather Panchali, ile filamu ya India, ni nani?

Umeuliza kama ni bibi wa kijijini waliyemuokota tu, hapana ndugu, anaitwa Chunibala Devi na ni msanii wa jukwaani kabisa, aliigiza Kolkata enzi za ujana wake na filamu zile za bubu pia alizigusa, halafu akasahaulika miaka mingi mpaka mwongozaji wa filamu hiyo, Satyajit Ray, akamfata akiwa na miaka kama 80 hivi. Meno hana, mgongo umepinda, lakini kichwa kiko fiti hatari.

Ule wimbo anaoimba usiku ni sauti yake mwenyewe. Na ile sini ya kufa, kachuchumaa kwenye mianzi, yule binti Durga wa kwenye filamu anamtikisa akidhani kasinzia, anaanguka puu kichwa chini, bibi wa umri ule alikubali kuanguka kweli jamani! Mi kila nikiiona nasimamisha kwanza nipumue.

Kinachoniuma alifariki 1955 kabla filamu haijatoka, ila Ray alimwahi akampelekea projekta nyumbani akajiona. Tuzo ya tamasha la filamu la Manila akapewa akiwa keshazikwa siku nyingi.