Usitafute draiva kwa jina la simu, itafute kwa namba yake

Simu ya zamani ikigoma kuonekana kwenye kompyuta, watu wengi hufanya jambo lilelile: wanaingia Google, wanaandika jina la simu na neno "driver" (draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa), kisha wanapakua chochote kitakachotokea juu. Matatizo huanzia hapo. Faili linagoma kufunguka, au linafunguka na simu bado haionekani, au kompyuta inaanza kufungua matangazo yenyewe. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaunganishia simu ndugu na majirani hapa Morogoro, kuanzia Nokia za batani hadi Tecno na itel za laini mbili, na nasema kwa uhakika kabisa: kompyuta haina habari na jina lililoandikwa kwenye boksi la simu. Inachosoma ni namba. Ukiijua namba hiyo, umeshamaliza sehemu ngumu.

Lakini kabla ya namba kuna waya, na waya umewapotezea watu muda kuliko draiva zote. Waya kamili wa USB 2 una nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za data. Waya nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zina zile mbili za umeme tu. Simu inachaji vizuri, kwa hiyo mtu anaamini waya ni mzima na anaanza kuhangaika na draiva. Sikiliza kompyuta unapochomeka. Ikitoa mlio, data inapita. Ikikaa kimya na hakuna kinachobadilika kwenye skrini, chukua waya mwingine uliokwisha kuhamisha picha kwenye simu nyingine, na usafishe tundu la simu kwa brashi laini, maana simu iliyokaa mfukoni miaka kumi imejaa vumbi la nguo. Kama kompyuta ina matundu ya bluu na meusi, tumia jeusi. Lile la bluu ni USB 3, na simu nyingi za batani pamoja na draiva zake zilitengenezwa kabla halijaenea.

Sasa namba. Chomeka simu ikiwa imewaka, kisha kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X na uchague Device Manager. Utaona orodha ya kila kilichomo kwenye kompyuta. Simu yako itakuwa na pembetatu ndogo ya njano, pengine imeandikwa "Unknown device", pengine jina lisiloeleweka kabisa. Bonyeza juu yake kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, kisha Details, na kwenye kile kisanduku kinachoshuka chagua Hardware Ids. Litatokea andiko la namna hii: USB\VID_0421&PID_ na tarakimu nne nyingine. VID ni namba ya kampuni, PID ni namba ya kifaa chenyewe. Inakili kama ilivyo.

Hizo tarakimu nne za VID zinaeleza mengi. 0421 ni Nokia. 04E8 ni Samsung, 0FCE ni Sony Ericsson, 22B8 ni Motorola, 12D1 ni Huawei. Simu nyingi za bei nafuu hazitaonyesha jina la aliyeiuza hata kidogo, zitaonyesha mwenye chipu: 0E8D ni MediaTek na 1782 ni Spreadtrum. Ndiyo maana unaweza kutafuta draiva ya kitochi chako (kabambe, kwa wenzetu wa Kenya) kwa jina lake mchana kutwa usiipate, huku draiva ya MediaTek ipo na inahudumia simu za majina mengi tofauti.

Ukikuta VID_0000, acha kabisa kutafuta draiva. Maana yake kompyuta imejua kuna kitu kimechomekwa lakini imeshindwa kukisoma. Hapo tatizo ni waya, tundu, au simu yenyewe, na hakuna faili la kupakua litakalolitibu.

Kuna namba nyingine inayowachanganya watu. Unachomeka Nokia yenye ule mdomo mpana wa chini, kompyuta inaonyesha 067B. Hiyo siyo simu, ni waya. Waya za Nokia za enzi hizo, hasa zile za kuigizia, zilikuwa na chipu ndogo ndani ya kichwa cha USB, na mara nyingi chipu hiyo ilikuwa PL2303 ya Prolific, kampuni yenye namba hiyo ya 067B, au nakala yake. Draiva mpya za Prolific hukataa chipu za zamani na za kughushi. Kifaa kinaonekana, kinapewa pembetatu ya njano na ujumbe wa kosa wa Code 10, au unaandikiwa kwamba PL2303HXA iliachwa tangu 2012. Suluhisho ni kurudi nyuma. Tafuta toleo 3.3.2.102 la draiva hiyo, liweke, kisha kwenye Device Manager chagua Update driver, kataa kutafutiwa mtandaoni, chagua mwenyewe kutoka kwenye orodha na uguse hilo la zamani. Windows Update inaweza kulibadilisha tena baadaye bila kukuuliza, kwa hiyo zima intaneti mpaka umalize kuhamisha vitu vyako.

Draiva zenyewe zinapatikana wapi? Mimi naanza na Microsoft Update Catalog, tovuti ya Microsoft ambayo wengi hawaijui. Unabandika namba yako, kwa mfano VID_04E8&PID_ na tarakimu zake, na kama kuna draiva iliyowahi kupitishwa kwa Windows, mara nyingi inatokea hapo. Haina kitufe cha uongo wala tangazo. Pili ni tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, na kama ukurasa ulishafutwa, jaribu kuufungua kupitia Wayback Machine ya archive.org, ambayo imehifadhi kurasa nyingi za zamani na wakati mwingine na mafaili yake. Kwa Nokia, kinachotafutwa ni Nokia PC Suite toleo la 7.1. Ndani yake mna draiva za waya pamoja na programu ya kunakili majina na meseji. Nokia iliuza biashara yake ya simu kwa Microsoft mwaka 2014, kwa hiyo usitarajie toleo jipya litakalokuja kuokoa simu hizo.

Zile tovuti zinazosema "pakua draiva zote bure" ziepuke, na programu zinazojinadi kwamba zitakusasishia draiva za kompyuta nzima ziepuke zaidi. Nimeona kompyuta nzima ya stesheneri ikilemewa na programu za matangazo kwa sababu ya mteja mmoja aliyetaka picha zake za harusi. Ikibidi kabisa upakue kutoka mahali usipopaamini, lipitishe faili kwenye VirusTotal, tovuti ya kukagua virusi, kwanza, kisha likague kwa macho yako. Ukaguzi wenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Draiva ya kweli ni folda yenye mafaili madogo, na mojawapo linaishia na .inf. Hilo ni maandishi matupu. Lifungue kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, uandike VID na PID yako. Ukiiona ndani, umepata draiva iliyoandikwa kwa ajili ya kifaa chako. Usipoiona, funga na ufute, hata kama jina la folda ni la simu yako herufi kwa herufi. Na kama ulichopakua ni faili moja la .exe lisilotaka kufunguka mpaka ukubali kuweka vitu vingine vitatu, usilipe nafasi.

Angalia pia biti, yaani kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Programu ya kawaida ya biti 32 inaweza kufanya kazi kwenye Windows ya biti 64, lakini draiva haiwezi, lazima vilingane. Draiva nyingi za mwaka 2005 au 2006 ziliandikwa kwa Windows XP ya biti 32, na Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Kisha kuna suala la saini. Tangu Vista, Windows za biti 64 hudai draiva iwe na saini ya kidijitali, alama inayothibitisha ilikotoka, na ikikosekana unapewa Code 52. Unaweza kulizima sharti hilo kwa muda: shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, na kompyuta ikirudi bonyeza 7. Fanya hivyo kwa draiva uliyoikagua tu, kisha ukimaliza uwashe upya ili ulinzi urudi. Kama laptopu ni ya ofisi, usiguse kabisa. Afadhali umtafute mtu mwenye laptopu ya zamani yenye Windows 7 ya biti 32. Mafundi wengi wanayo moja pembeni kwa kazi hii hii, na hapo mambo hukubali upesi. Hakikisha tu ukiondoka umefuta nakala ya majina na meseji zako. Usimwachie mtu kumbukumbu za miamala yako.

Kwa simu za Android za zamani habari ni fupi. Za Android 2 hutaka ushushe pazia la juu na kuwasha "USB storage", zikawa kama flashi. Zilizofuata hutumia MTP, njia ya kuhamisha mafaili kati ya simu na kompyuta, na Windows ina draiva yake tayari. Kama haionekani, mara nyingi simu imebaki kwenye kuchaji tu, kwa hiyo shusha pazia ubadilishe. Ikigoma, nenda Update driver, uchague mwenyewe kwenye orodha, Portable Devices, kisha MTP USB Device. Windows zenye herufi N mwishoni hazina MTP mpaka uongeze Media Feature Pack.

Vitochi vya MediaTek vikichomekwa vikiwa vimewaka huuliza vitumike kama nini, na majibu huwa ni hifadhi, kamera, au COM port (mlango wa kupitishia amri). Chagua hifadhi, weka memori kadi ndani, na hutahitaji draiva yoyote kwa picha na nyimbo. Ukichomeka kikiwa kimezimwa, kitatokea kifaa chenye 0E8D kwa sekunde chache kisha kitapotea. Mlango huo ni wa kuflashi, yaani kuandika upya programu ya ndani ya simu, na kuflashi hufuta. Mtu akikwambia uweke draiva ya mlango huo ili utoe picha, hajaelewa shida yako.

Na hapo ndipo ninapopasisitiza kwa kila anayekuja na simu: jiulize kama draiva inahitajika kweli. Kuna mama mmoja mtaani kwetu, mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, aliniletea Nokia 2700 classic yenye kitufe cha kati kinachokwama. "Mwanangu, humu ndimo yalimo mahesabu ya watu," aliniambia. Meseji za miamala ya wanachama zilikuwa humo zote, na yeye alitaka zichapishwe kabla simu haijafa. Kijana wake alikuwa amehangaika na draiva kwenye Windows 10 mpaka akakata tamaa. Sikuchomeka waya. Niliingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ulinganishaji na nakala rudufu, nikachagua kutengeneza nakala ya meseji na majina kwenye memori kadi. Simu ikaandika faili moja linaloishia na .NBF. Nikaitoa kadi, nikaiweka kwenye kisoma kadi, nikalifungua faili hilo kwa NbuExplorer, programu ya bure na ndogo. Meseji zikajipanga, moja moja, jina la mtumaji, tarehe na saa, na maneno yake kamili. Mama alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza kulinganisha na daftari lake mstari kwa mstari, kidole kikitembea kwenye skrini.

Programu hiyohiyo hufungua mafaili ya .nbu ambayo PC Suite ilikuwa ikiyatengeneza, kwa hiyo kama una nakala ya miaka hiyo kwenye CD au diski ya zamani, haijapotea hata kama simu yenyewe ilishaibwa. Simu nyingi za batani zisizo za Nokia nazo huweza kutoa majina kwenye kadi kama faili la .vcf, ambalo simu yoyote ya leo hulipokea. Na kama simu ina Bluetooth, picha chache hutumwa hivyo, polepole, bila waya.

Kukiwa hakuna njia nyingine, jaribu Linux, mfumo wa bure unaoweza kuendesha kompyuta badala ya Windows, kabla ya kusema simu imeshindikana. Weka Ubuntu au Linux Mint, ambazo ni aina zake, kwenye flashi, washa kompyuta kupitia hiyo flashi bila kuisimika wala kugusa Windows. Draiva ya PL2303, na ile ya simu zinazojitambulisha kama modemu, zimo tayari ndani ya Linux, na hakuna anayedai saini. Programu iitwayo Gammu inaweza kusoma majina na meseji za Nokia nyingi na za simu nyingine zinazoelewa amri za modemu. Inaendeshwa kwa kuandika amri, kwa hiyo inataka utulivu, lakini imenitolea meseji kwenye simu ambazo Windows ilizikataa katakata.

Draiva ikikubali, ihifadhi siku hiyo hiyo. Mimi nina folda kwenye flashi, na kila draiva nimeipa jina la VID na PID yake, toleo la Windows, na biti. Mafaili haya huzidi kutoweka mtandaoni kila mwaka, na mtu wa pili mwenye simu kama yako yupo, pengine hata nyumba ya tatu.