Mume Wangu Hana Imani, Anampa Mtoto Dawa kwa Siri

*Shangazi, mtoto wetu ana miaka 6 na ana sikoseli. Huu mwezi wa pili nimesimama kwa imani, nimeshatoa ushuhuda kwenye kikundi chetu cha maombi kwamba amepona na dawa nikazifungia kwenye droo. Mume wangu anazitoa kwa siri anampa. Haombi na mimi tena, usiku namkuta kwenye kitanda cha mtoto anamkanda miguu huku anaongea peke yake kama aliyechanganyikiwa. Wiki iliyopita alimkimbiza hospitali, wanakikundi wakajua, amenitia aibu. Nitaishije na mtu asiye na imani?*

Pole mwanangu. Miaka 6 ya kuamshwa usiku na mtoto anayelia mifupa inamuuma sio mchezo, na mtu akichoka hivyo hushika chochote kilicho karibu. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama pale pale, "amenitia aibu". Hujaniambia mtoto alikuwa na hali gani siku hiyo anakimbizwa hospitali, alikuwa na homa, alikuwa analia, alilazwa, hata neno moja hakuna, ila wanakikundi walivyojua hilo umeliandika. Mwanangu hapo humpiganii Mungu, unaupigania ushuhuda wako. Ulishasema mbele za watu na sasa unaogopa mtoto akiumwa wataonaje. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayefichwa sio wewe, ni mtoto asiyeweza hata kujisemea.

Halafu huyo mume unayesema haombi. Hebu rudia ulichoandika mwenyewe, usiku yuko macho, mikono iko kwenye miguu ya mwanao, midomo inacheza. Kwenye Biblia yule mama aitwaye Hana, mama yake Samweli, aliomba hivyo hivyo, midomo inacheza sauti haisikiki, Eli kuhani mzima akadhani amelewa. Wewe umemwona mumeo anaomba ukadhani amechanganyikiwa. Kwangu mimi huyo ndiye mwenye imani humo ndani, na anaifanya bila watu wa kumpigia makofi.

Hizi ndoa za siku hizi zimenichosha jamani, mke na mume wanashindana nani wa kiroho zaidi, maombi yanawekwa status, mwenzako akikaa kimya tayari hana Mungu, wakati zamani mtu aliweza kulia chumbani kwake akamaliza na Mungu wake na asubuhi akaamka kuhudumia watu.

Imani ya ujasiri unaitaka? Soma Hezekia, 2 Wafalme 20. Mungu alishamwambia kabisa nitakuponya na akamwongezea miaka 15, ahadi imetoka tayari, lakini bado Isaya akasema leteni mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Hakuna aliyemwambia Hezekia kwamba tini zimeharibu imani yake. Na wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli mbele ya tanuru walimwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa, wakaongeza "bali kama si hivyo" hatuiabudu sanamu yako. Wewe hayo maneno ya pili unayaogopa, ndio maana umemwambia Mungu matokeo kabla hujamwomba.

Sasa dawa. Kama ziko humo droo haidroksiyurea, hiyo inataka kila siku, ndio inasaidia chembe za damu zisijikunje kama mundu zikaziba mishipa, na ukiacha faida yake inapotea. Homa kwa mtoto wa sikoseli ni hospitali saa hiyo hiyo, maana wengu wake mara nyingi umeshadhoofika hawezi kupambana na vijidudu kama watoto wengine. Na dawa ya kutolewa kwa siri mnaweza kuiruka au kuirudia bila kujua, kwa hiyo kaeni wote wawili mbele ya daktari mumwambie ukweli ni siku ngapi ziliruka, msikisie dozi.

Kikundi kinaweza kusubiri. Leo usiku fungua hiyo droo mwenyewe, mpe mumeo mkononi, muombe radhi. Halafu kaa upande wa pili wa kitanda cha mtoto, shika mguu mmoja yeye ashike mwingine, na ukianza kuomba usimwambie Mungu mtoto amepona. Mwambie unaogopa.